Lugha Mbili Katika Nyumba Moja
Maneno yaliyosemwa mbele ya wazazi na walimu, Kiwangwa



Tumepewa neno la kusema juu ya malezi ya watoto wadogo, nalo ni neno pana. Mtu akitaka kulimaliza kwa siku moja atachoka yeye na wasikilizaji wake. Kwa hiyo tumechagua upande mmoja tu, ambao twaulizwa habari zake karibu kila mara wazazi wanapoleta mtoto kuandikwa kwa ajili ya ubatizo. Wanauliza: mtoto huyu asemeshwe lugha gani? Maana katika nyumba zetu za Kiwangwa mtoto huzaliwa katikati ya lugha mbili. Bibi yake husema Kikwere. Njiani, dukani, shuleni na kanisani husemwa Kiswahili. Tena ziko nyumba zenye lugha ya tatu, kwa kuwa mananasi yamewaleta kwetu watu wa pande nyingi, nao wamelima, wameoa, wamekaa.

Wazazi wengi hutuambia neno moja, na hulisema kwa nia njema kabisa: "Mwalimu, sisi tumekataza Kikwere nyumbani, mtoto asije akachelewa kusema, wala asichekwe shuleni." Nia hiyo twaiheshimu. Lakini twaona ya kuwa katazo lenyewe lamdhuru mtoto, na bibi lamdhuru zaidi; nasi leo twataka kuwaeleza kwa nini.

Tuanze na hofu ya kuchelewa kusema. Hofu hii haikuzaliwa Kiwangwa. Kwa miaka mingi walimu na waganga wa Ulaya na Marekani walifundisha ya kuwa kichwa cha mtoto hakitoshi kubeba lugha mbili, na ya kuwa mwenye kuzibeba atakuwa mzito wa akili. Walipata wapi maneno hayo? Mara nyingi waliwapima watoto wa wageni maskini, tena kwa lugha ambayo watoto wale hawajaijua vizuri, kisha wakashangaa kuona wameshindwa. Hata mwaka 1962, katika mji wa Montreal nchi ya Kanada, Elizabeth Peal na Wallace Lambert waliwapima watoto wa miaka kumi, wengine wenye lugha moja na wengine wenye Kifaransa na Kiingereza pamoja, wakiangalia kwanza kwamba hali za nyumba zao zinalingana. Wenye lugha mbili hawakuwa nyuma; katika mengi ya majaribio yale walikuwa mbele. Tangu hapo wengine wengi wamepeleleza jambo hili katika nchi nyingi, na ile hofu ya kale imekosa mahali pa kusimama.

Na kabla ya hao wa Kanada alikuwako baba mmoja Mfaransa, Jules Ronjat, mwanachuoni wa lugha, aliyemwoa mwanamke wa Kijerumani. Mwaka 1908 wakapata mtoto wa kiume, Louis. Rafiki wa baba yule, Maurice Grammont, alimpa shauri fupi: kila mtu amsemeshe mtoto kwa lugha yake mwenyewe, asibadili. Basi mama akasema Kijerumani, baba akasema Kifaransa, naye baba akawa anaandika siku kwa siku maneno ya mtoto. Mwaka 1913 alichapa kitabu. Mtoto alizijua lugha zote mbili, wala hakuchelewa. Twawapa habari ya nyumba hii kwa sababu shauri lenyewe halitaki fedha wala shule. Bibi wa Kiwangwa aweza kulifuata leo jioni akiwa juu ya mkeka wake.

Mtoto, awe na lugha moja au mbili, kwa kawaida hutoa neno lake la kwanza karibu na mwaka mmoja, na karibu na miaka miwili huanza kuunga maneno mawili. Wako wanaotangulia na wako wanaofuata nyuma kidogo, kama mihogo ya shamba moja. Walakini wazazi wanapohesabu maneno ya mtoto hukosea hesabu: huhesabu ya Kiswahili peke yake, wakasema, "Ana maneno machache." Hesabuni na yale anayomwambia bibi yake! Mwenye vikapu viwili hapimwi kwa kimoja. Ikiwa mtoto ametimiza miaka miwili na hana maneno yoyote, wala ya huku wala ya huku, asiachwe nyumbani kwa kusingizia lugha. Apelekwe kliniki, masikio yake yatazamwe, kwani mtoto asiyesikia vizuri hatasema vizuri, hata akisemeshwa lugha moja tu. Twasema hili kwa mkazo, maana mzazi anayesadiki kwamba Kikwere ndicho kilichomchelewesha mtoto hukifukuza Kikwere, akaliacha sikio bovu likae miaka mitatu zaidi.

Sasa juu ya kuchanganya. Mama mmoja alitueleza, karibu kwa machozi, ya kuwa alimtuma mwanawe dukani pamoja na dada yake, naye mtoto akampigia mwenye duka kelele kwamba "munhu" amekuja kununua sukari. Watu wakacheka, mama akaona haya. Kwa nini kuona haya? Munhu ni mtu. Tazameni maneno haya mawili, munhu na mtu, yalivyofanana. Ni watoto wa tumbo moja. Kikwere kimeishika ile sauti ya puani na kuivuta kwa pumzi, Kiswahili kimeiacha. Mtoto wa miaka miwili na nusu aliyesema "munhu" dukani amefanya kama mtu aliyetoka nyumbani kwa haraka akavaa ndara za mwenziwe. Atatambua njiani. Na kweli mama yule alituambia baadaye, kwa kucheka safari hii, ya kuwa mtoto sasa humwambia bibi "munhu" na humwambia mwenye duka "mtu", wala hakuna aliyemfundisha. Hivyo ndivyo walivyo watoto: hutazama uso wa mtu kwanza, kisha huchagua neno.

Ikiwa mtoto amechanganya, yatosha kumrudishia maneno yake yakiwa yamenyoshwa. Akisema, "Munhu kaja," baba na ajibu, "Naam, mtu amekuja, ni nani?" na mazungumzo yaendelee. Kumgombeza hakumfundishi lugha, kwamfundisha kunyamaza. Na wale wanaosema ya kuwa Kikwere kitamharibia mtoto Kiswahili chake kilicho safi, twawauliza kwa upole, Kiswahili kipi? Padre Charles Sacleux, aliyefanya kazi katika pwani hii yetu, alichapa mwaka 1909 sarufi ya lahaja za Kiswahili, kwa kuwa aliona si moja. Kiswahili cha Lamu si cha Unguja, wala cha Unguja si cha Mombasa, na hapana aliyekufa.

Lakini tungependa tukae zaidi juu ya bibi, maana ndipo penye uchungu.

Kwa desturi ya Wakwere, kama ilivyo kwa Wazaramo na Waluguru jirani zetu, ukoo wa mtoto huhesabiwa upande wa mama. Kwa hiyo bibi mzaa mama si mgeni katika nyumba. Mtoto ni wake kwa jina na kwa damu. Mama akienda shamba kupalilia mananasi, au akipanda gari kupeleka mzigo Bagamoyo, bibi ndiye anayebaki na mtoto. Anamwosha, anampikia uji, anamlaza. Saa nyingi za mchana mtoto hana mwingine wa kusema naye. Basi fikirini nini hutokea siku ile binti anapomwambia mama yake, "Mama, usimsemeshe mtoto Kikwere."

Bibi atatii, kwa kuwa anaambiwa na mtoto wake aliyesoma. Lakini Kiswahili cha bibi ni cha sokoni na cha salamu. Anajua kuuliza bei, anajua kuitikia Misa, anajua kumkaribisha mgeni. Hajapata kubembeleza mtoto kwa Kiswahili, wala kusimulia kisa cha sungura na fisi kwa Kiswahili, wala kueleza kwa Kiswahili kwa nini mti huu haukatwi, au jinsi babu yake alivyovuka Wami wakati wa mafuriko. Basi maneno yake kwa mtoto yatapungua, hata yatabaki matatu: "Njoo. Kula. Acha." Sisi tumekaa katika nyumba ya namna hii tangu asubuhi hata adhuhuri, tukingoja mwenye nyumba, nasi tulisikia maneno hayo matatu, na kimya, na sauti ya simu aliyopewa mtoto ili atulie. Simu ile ilisema Kiswahili kizuri kuliko bibi. Walakini ilisema tu. Haikumngoja mtoto ajibu, haikumwuliza neno, wala haikucheka alipocheka.

Tena jioni ileile alikuja jirani, mwanamke mzee wa rika la bibi, wakaketi barazani. Lo! Mwanamke yule aliyekuwa bubu tangu asubuhi akafunguka kama mto. Alisimulia, akaigiza sauti, akapiga makofi, jirani akashika mbavu. Mtoto akaacha simu akaja kusimama katikati ya magoti yao, akiwatazama midomo. Hakuelewa hata neno moja. Mama yake akamwita ndani.

Ndugu zetu, mtoto hajengwi na jina la lugha. Hujengwa na wingi wa maneno anayoambiwa, na utamu wake, na kule kujibiwa. Anayepewa masimulizi kwa Kikwere amejifunza jinsi kisa kinavyoanza na kinavyoishia, jinsi sababu inavyozaa tokeo, jinsi mtu anavyoulizwa na kujibu. Akiingia darasa la awali anakuja na hayo yote, na mwalimu anachoongeza ni maneno ya Kiswahili tu, nayo huokotwa upesi. Lakini aliyepewa "njoo, kula, acha" amekuja na nini? Wazazi wake wamemnyima Kikwere, na Kiswahili chenyewe hawakumpa.

Mfano mkubwa tunao katika nchi yetu. Mwalimu Julius Nyerere alizaliwa mwaka 1922 huko Butiama, akakua akisema Kizanaki. Shule ya Mwisenge, Musoma, aliingia mwaka 1934, akiwa mvulana wa miaka kumi na miwili. Je, Kizanaki kilimzuia? Alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili, moja ikatoka mwaka 1963 na nyingine mwaka 1969, na katika uzee wake aliiandika Injili kwa tenzi. Wako wengi waliokisema Kiswahili tangu kuzaliwa wasioweza kuandika ubeti mmoja.

Twajua wapi katazo hili limetokea, maana sisi wenye miaka arobaini na kitu tumelipitia. Shuleni kulikuwa na kibao cha kuvikwa shingoni. Aliyesikiwa akisema lugha ya nyumbani alivikwa, naye akamtafuta mwingine amvike, na aliyebaki nacho jioni alichapwa. Hatumtaji mtu wala shule, na walimu wale walidhani wanatujengea umoja. Na umoja tuliupata kweli. Tangu mwaka 1967 Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia shule zote za msingi za serikali, mtoto wa Kiwangwa aweza kusikilizana na mtoto wa Kigoma, jambo ambalo nchi nyingi za Afrika zinalitamani. Hatutaki kurudisha nyuma neno hilo hata hatua moja. Lakini kibao kilikuwa cha shuleni. Nani aliyekileta nyumbani, akamvika bibi?

Nasi watu wa upande huu wa Bagamoyo tungepaswa kuelewa upesi kuliko wengine. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipoanza misioni ya Bagamoyo mwaka 1868, waliwalea huko watoto waliokombolewa utumwani. Walikuwa wametoka makabila mengi ya bara, nao wakasikilizana kwa Kiswahili, wakasali kwa Kiswahili, wakaoana na kuzaa. Lugha za mama zao hazikuwa na wa kuzijibu, maana mama hawakuwako. Hao walinyang'anywa lugha pamoja na jamaa zao kwa nguvu za wafanya biashara ya watu. Bibi zetu sisi wako hai, wameketi barazani, na mlango wa nyumba u wazi.

Tutawaeleza jambo moja tuliloliona, nasi twaomba msiulize ni nyumba gani. Tuliitwa kusali kwa mgonjwa, mwanamke mzee sana. Aliyemwuguza alikuwa mjukuu wake, msichana mwema, aliyeacha kazi yake Dar es Salaam ili amtunze. Mzee yule katika maisha yake alisema Kiswahili cha kutosha. Lakini ugonjwa ulipozidi, Kiswahili kilimtoka, kikabaki kile alichozaliwa nacho. Alikuwa akisema neno, akalirudia, akalirudia tena, na msichana akamletea maji, akamletea uji, akamfunika shuka, akamfunua, huku analia. Sisi tulipoingia tulisikia. Bibi alikuwa anaomba ageuzwe alalie upande mwingine, kwa kuwa ubavu unamwuma. Neno dogo kabisa! Tulimgeuza, akatulia. Msichana akatuuliza alikuwa ameliomba tangu lini. Hatukumjibu, wala yeye hakutaka jibu.

Hayo yametutosha sisi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika kazi ya kuzikusanya lugha za Tanzania, kilitoa mwaka 2009 atlasi ya lugha zetu, nazo ni zaidi ya mia moja na ishirini. Wenye elimu wana sababu zao nyingi za kuzihifadhi, na ni sababu njema. Yetu ni hii moja: mtu akiwa mgonjwa asikose wa kumgeuza ubavu.

Wengine wameanza kutuuliza habari za Kiingereza. Ziko nyumba, hata hapa, ambamo mtoto wa miaka miwili huamrishwa kwa Kiingereza kuja, kuketi na kunawa, kwa sababu baba anatumaini kumpeleka shule ya kulipa ada. Baba akikijua Kiingereza kwelikweli, kiasi cha kuweza kufanya mzaha kwacho na kumfariji mtoto aliyeanguka, na akiseme. Kama anajua amri tano tu, basi mtoto naye atajua amri tano tu. Kipimo chetu ni kilekile: semesheni watoto kwa lugha mnayoweza kuchekea na kulilia.

Kwa hiyo, nyumbani mfanye nini? Bibi aseme Kikwere, chote, bila kupunguza. Mama aseme lugha inayomjia kifuani anapombeba mtoto. Wengi wenu ni Kiswahili, na ni vema hivyo. Baba aliyetoka mbali aseme ya kwao, hata kama ni yeye peke yake anayeijua mtaa mzima. Watani zetu Wanyamwezi wasione haya. Wakubwa wa nyumba wajue pia ya kuwa mtoto akifikia miaka minne au mitano, akapata rafiki wa shuleni, ataanza kumjibu bibi kwa Kiswahili. Hapo wengi hukata tamaa wakasema, "Basi, kimetoka." Hakijatoka. Anaelewa kila neno. Ulimi wake tu umehamia kwa wenzake. Bibi asimlazimishe wala asihame kumfuata. Aendelee na yake, ampe kazi za kufanya pamoja naye, kutwanga, kuchambua mchicha, kufukuza kuku kwenye mpunga. Kazi hudai maneno, na mtoto akitaka kitu kwa bibi ataitafuta njia ya kukiomba. Msaada mkubwa zaidi ni mtoto mwenziwe: wajukuu wawili wa bibi mmoja wakicheza mbele yake lugha hupata makao kuliko mmoja akiwa peke yake.

Nanyi walimu wa darasa la awali, mtoto akija na neno la nyumbani msimcheke, wala msiwaache wengine wamcheke. Mwulizeni, "Bibi anaitaje kitu hiki?" kisha ninyi mseme kwa Kiswahili. Darasa zima litakuwa na maneno mawili kwa kitu kimoja, nalo halitachukua dakika mbili za kipindi. Katika mafundisho ya dini sisi tumeanza kufanya vivyo hivyo, tukiwaomba watoto wajifunze kwa bibi zao jinsi ya kuwasalimu wazee na jinsi ya kuomba radhi, na kila Jumamosi wanakuja wakishindana.

Limebaki tangazo. Tumekubaliana na wazee watano, wanawake watatu na wanaume wawili, kwamba Jumapili ya pili ya kila mwezi, baada ya Misa ya pili, wataketi chini ya mwembe ulio nyuma ya nyumba ya walimu, nao watasimulia hadithi kwa Kikwere. Watoto wa umri wowote waje, hata wasioelewa, na wasio wa dini yetu wanakaribishwa vilevile, kwa kuwa bibi zetu ni wa pamoja. Mwalimu mmoja atakuwapo na daftari la kuandikia maneno. Mikeka iko michache, kila mama aje na wake. Na simu za watoto zibaki nyumbani.